Mgonjwa Kwanza

Uzi haukutikisika.

Damari aliusogeza karibu zaidi na tundu la ukutani, akabana pumzi zake zisije zikausukuma, akangoja. Ulikuwa uzi wa kawaida wa kushonea. Palipo na hewa inayopita, hata iwe kidogo kiasi gani, uzi hulala upande. Huu ulining'inia wima mbele ya tundu ambalo lilipaswa kupuliza ubaridi wa chini ya ardhi mchana kutwa.

"Nyumba imekufa?" Mama Tabitha aliuliza nyuma yake.

"Haijafa, mama. Kuna mahali pameziba. Nitapatafuta."

Mama Tabitha aliendelea kukamua kitambaa kwenye beseni. Mumewe, Mzee Yoeli, alikuwa amelala sakafuni bila shati, mgongo juu ya udongo mtupu. Katika ujana wake alikuwa dereva wa treni, mtu wa kifua kipana na maneno mengi, lakini leo midomo yake ilikuwa imekauka, na macho yalichelewa kumfuata mtu aliyekuwa akizungumza.

"Fundi," alisema polepole. "Nyumba yako imekuwa behewa la mizigo. Tunasafirishwa kama chumvi."

Damari alijaribu kucheka. Aliweka kiganja ukutani na kuukuta una joto kama ubavu wa ng'ombe aliyetoka malishoni.

Hilo halikupaswa kutokea. Mtaa wa Tembe Mpya ulijengwa ili lisitokee. Joto lilipozidi katika nyanda za kati, umeme wote ulipelekwa kwenye pampu za maji na viyoyozi vikapigwa marufuku. Watu wa Dodoma wakaambiwa wachague kunywa au kupoa. Wakati huo Damari alikuwa mchoraji wa majengo asiyejulikana. Alirudi kwenye nyumba za tembe za bibi na babu zake na kuanza upya kutokea hapo. Alielekeza ubavu mfupi wa kila nyumba mashariki na magharibi ili jua lisipate pa kupiga. Alinenepesha kuta, akatandaza udongo juu ya paa, akashusha vibaraza virefu vya kivuli. Juu ya kila nyumba alisimamisha dohani nyeusi. Jua liliipasha dohani, hewa ya moto ikapanda na kutoka, na kwa kutoka kwake ikavuta hewa nyingine kwenye handaki lililopita chini ya nyumba zote arobaini, kule ambako ardhi haijui kama juu ni kiangazi. Hapakuwa na injini wala waya.

Kisha akaongeza kitu ambacho wazee hawakuwa nacho. Ndani ya udongo alichanganya nyuzi za uyoga ulio hai, na ukuta ukaota vinyweleo. Msimu wa mvua, ukuta ulikunywa unyevu wa hewa pamoja na jasho na pumzi za wenye nyumba. Msimu wa joto, ulipohisi mwili wa moto karibu yake, ulivifungua vile vinyweleo na kuutoa unyevu wake, na chumba kikapoa kama maji ya mtungini. Nyuzi hizohizo zilishuka mpaka handakini na kuota midomo laini iliyofumba na kufumbua, ikipeleka ubaridi mahali ulipohitajika zaidi. Mwili wenye homa ulipata kabla ya mingine. Damari aliiita kanuni hiyo "mgonjwa kwanza," na siku ya ufunguzi watu waliyapigia makofi maneno hayo mawili zaidi kuliko walivyozipigia kuta.

"Dada Damari."

Nyamizi, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa mlangoni na mtoto wake mchanga mgongoni. Alikuwa amekuja mtaani miezi michache kabla, mumewe akiwa kazini mbali, na kila mtu alimjua kwa sauti yake ya kuimba akifua. Sasa alinong'ona.

"Kwangu nako hakuna hewa. Mtoto hanyonyi. Amelegea."

"Toka lini?"

"Jana. Na watu wa kule chini wanasema hivyohivyo." Alisita. "Kwako ndiko kunapumua, dada. Nimepita sasa hivi. Ukuta wako wa nje una umande."

"Umande? Kwa jua hili?"

"Nimeugusa. Mkono umelowa."

Damari hakuuliza ni ukuta wa upande gani. Alijua.

* * *

Mumewe, Mesaki, alikuwa mkamuaji wa mafuta ya alizeti. Kazi ya kusimama kando ya kinu katika joto lile ilimharibu figo, na mvua zilipoanza akalazwa kwenye chumba cha nyuma kwa homa isiyoshuka. Ukuta ulimpoza usiku na mchana. Daktari alisema hajawahi kuona mgonjwa wa aina ile akistahimili muda mrefu vile nyumbani. Lakini mvua zilipokuwa zikiisha, Mesaki naye akaisha.

Mama yake, Eunike, aliyekuja kumuuguza, hakurudi kijijini. Alihamia chumba kile na kukifunga. "Mimi niliyemzaa ndiye nitakayelala pake," alisema, na Damari hakuwa na nguvu za kubishana naye.

Kisha kiangazi kilipoanza, jambo likatokea ambalo Damari hakumwambia mtu. Kila alasiri, ukumbi wa nyumba ulijaa harufu ya Mesaki. Haikuwa harufu ya nguo zake, maana nguo ziligawiwa. Ilikuwa yeye mwenyewe, jasho lake na sabuni ya mwarobaini, na chini ya vyote alizeti iliyotoka kukamuliwa. Mara ya kwanza alikimbilia uani. Mara ya pili alisimama palepale. Baadaye akaanza kuacha kazi mapema ili awahi.

Aliingia ndani sasa, kutoka kwenye jua kali hadi kwenye giza la ukumbi, na harufu ilikuwa pale ikimngoja. Alisikia pia sauti nyuma ya mlango, kitu kikivuta pumzi ndefu, kikinyamaza, kikiitoa. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alisukuma mlango ule.

Ubaridi ulimpiga usoni. Kitandani, chini ya blanketi la kijivu la Mesaki, palikuwa na mtu amelala ubavu akiuelekea ukuta.

Damari alishika mwimo wa mlango.

"Funga mlango," alisema Eunike. Alikuwa amekaa kigodani kando ya kitanda, mkono wake juu ya blanketi. "Ubaridi utatoka."

Ukutani, vinyweleo vilifunguka kwa pamoja, vingi kama punje za ulezi, na pumzi ile ikatoka. Damari alisogea, akashika pindo la blanketi na kulifunua. Chini yake kulikuwa na chungu kikubwa cha maji ya moto, mdomo wake umefungwa kwa kitenge, na mito imepangwa kukifanya kiwe na mabega.

"Mama, hiki ni nini?"

"Unakiona."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipokatika." Eunike alilirudisha blanketi taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. "Ukuta ulikuwa unanyamaza. Nimekaa hapa nikausikia unanyamaza kila siku kidogo. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza, mwanangu, kwamba unafuata mwili wenye joto. Basi nikaupa joto. Ukaniletea mwanangu."

"Si Mesaki huyu. Ni maji aliyoyanywa udongo, yanatoka."

"Najua ni jasho. Nilimzaa, nitashindwa kulijua jasho lake? Kaburini nikienda napata vumbi tu. Hapa nampata yeye." Alimtazama Damari usoni. "Na wewe je? Unadhani sikusikii unaposimama hapo nje alasiri, umeegemeza kichwa mlangoni?"

Damari alikaa ukingoni mwa kitanda, na chungu kikamgusa nyonga kwa joto lake, na kwa kitambo kidogo mwili wake ulidanganyika.

"Mama," alisema hatimaye. "Ukuta unaamini humu kuna mgonjwa mahututi. Umezifungia nyumba nyingine ili umhudumie. Mzee Yoeli yuko sakafuni hajiwezi. Mtoto wa Nyamizi amelegea."

Mkono wa Eunike uliganda juu ya blanketi.

"Sikulijua hilo," alisema, na Damari alimwamini. "Nilidhani ninachukua kilicho chetu tu."

Walikitoa chungu pamoja. Damari akachukua tochi, akafunua mfuniko wa handaki uani na kushuka.

Chini, hewa ilikuwa nzito na tamu kama ya ghalani. Alitembea ameinama hadi mahali handaki linapogawanyika, akamulika. Midomo ya nyuzi aliyoikumbuka ikiwa laini kama sikio la ndama ilikuwa imeshikana yenyewe kwa yenyewe, minene, migumu kama kwato. Njia ya kwenda nyumba nyingine ilikuwa imefungwa kwa kovu. Upande wa chumba cha Mesaki ulikuwa wazi, na uzi alioushika hapo ulilala upande na kuvutika kwa nguvu.

Kuondoa chungu peke yake kusingetosha. Ukuta ulijifunza kwa miezi na ungesahau kwa wiki nyingi. Njia ya haraka ilikuwa kukata kwa mtaimbo na kupaka chokaa, maana bila chokaa kovu lingeota tena. Lakini chokaa ingepanda na nyuzi mpaka juu na kuuchoma ukuta wote wa chumba kile. Kila tone ulilolihifadhi lingetoka mara moja, na ukuta ungebaki udongo.

Alipanda akamweleza Eunike hivyohivyo, bila kupunguza.

"Leo?" Eunike aliuliza.

"Sasa, mama."

"Niachie mpaka jua lipungue. Nimuage." Sauti yake haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya mtu anayeomba maji. "Hao wagonjwa walete humu. Chumba ni cha baridi. Wapoe humu, na mimi nimuage, kisha ukate."

Lilionekana jambo la busara. Damari alilipima huku na huku, na kila alipolipima lilimfaa yeye pia.

* * *

Nyamizi alikuja mara moja. Walimlaza mtoto kitandani, karibu na ukuta, pale palipokuwa na chungu.

Kisha Damari akaenda kwa Mama Tabitha kuomba vijana wawili wa kubeba machela. Mama Tabitha alimpokea kibarazani, kidole mdomoni.

"Taratibu. Amepata usingizi sasa hivi tu. Tangu alfajiri hajasinzia."

"Mama, kwangu kuna baridi. Tumpeleke."

"Kumpitisha kwenye jua hili? Mwache apumzike, mwanangu. Likishuka kidogo mtamchukua."

Damari alichungulia. Mzee Yoeli alikuwa chali, kifua kikipanda na kushuka haraka. Ngozi yake ilikuwa kavu. Mtu aliyelala kwenye joto kama lile alipaswa kuwa amelowa, naye hakuwa na tone la jasho. Damari aliliona hilo. Baadaye, kwa namna yoyote aliyojaribu kujisimulia siku ile, hakuweza kujiambia kwamba hakuliona.

"Sawa, mama," alisema. "Nitarudi."

Akatembea upesi kurudi nyumbani, kwa sababu alasiri ilikuwa inakwisha.

Chumbani, ukuta ulikuwa umeuhisi mwili mdogo na ulikuwa ukiupulizia. Mtoto alikuwa amefumbua macho. Damari aliketi sakafuni, akaegemeza mgongo ukutani na kuacha vinyweleo vimpumulie shingoni, jambo ambalo hakuwa amethubutu kulifanya hata mara moja. Alifumba macho. Mesaki alikuwa nyuma yake. Alikuwa ametoka kazini, hajaoga, anataka kusema kitu.

"Humu mnanukia alizeti," alisema Nyamizi kwa mshangao.

Eunike alicheka, machozi yakimtiririka. "Ni baba mwenye nyumba huyo."

Nyamizi hakuelewa, lakini alicheka naye, maana mtoto alikuwa ameshika ziwa na kuanza kunyonya kwa pupa. Ikawa furaha humo ndani. Wanawake watatu na kichanga, na ukuta ukipumua, wala hakuna aliyeangalia jua limefika wapi.

Ukelele wa Mama Tabitha ulivuka ua na kuingia mlangoni.

Damari alifika wa kwanza. Mzee Yoeli alikuwa anatupatupa mikono, ngozi yake ikiunguza. Walimmwagia beseni zima la maji, wakambeba wanne kwa kanga, wakaanza kuvuka ua. Hawakumaliza. Chini ya kibaraza cha nyumba ya Damari, kwenye kivuli chenyewe, kichwa chake kilianguka upande, na uzito wake ukawa mwingine. Kila aliyekuwa ameshika kanga aliujua uzito ule.

Wakamlaza chini. Mama Tabitha aliendelea kumfuta uso kwa kitambaa.

Damari alisimama hajui mikono yake aiweke wapi. Kisha akamwona Eunike anatoka ndani, mtaimbo mkono mmoja, ndoo ya chokaa mkono wa pili. Mwanamke wa umri ule, asiyeweza kupanda ngazi ya kibaraza bila kushikwa, alikuwa ameuburuza mtaimbo peke yake kutoka stoo.

"Kata," alisema. "Mimi nitashika taa."

Walishuka wote wawili. Eunike hakulalamika mgongo wala giza. Damari alipiga kovu lile mara nyingi, na kila pigo ukuta wa juu ulitoa mguno mfupi uliosafiri kwenye handaki. Kisha likapasuka.

Hewa yote iliyokuwa imezuiliwa ilipita kwa pamoja. Iliwapiga usoni, ikapeperusha kanga ya Eunike, na ndani yake alikuwamo Mesaki mzima, miezi yake yote ya ugonjwa, jasho na alizeti na pumzi, akipita katikati yao wala hasimami. Eunike alinyoosha mkono mbele kama anayetaka kushika nguo ya mtu. Mesaki akapita. Mbele kule, kutoka nyumba moja hadi nyingine, zikaanza kusikika sauti. Watu walikuwa wanashangilia. Waliita majina ya watoto wao, waliwaambia waje kwenye matundu, hewa imerudi. Vigelegele vilikuja chini ya ardhi hadi walipokuwa wamesimama, huku juu yao Yoeli akiwa kibarazani.

Damari alipaka chokaa. Eunike alishika taa, na taa haikutetemeka.

* * *

Siku ya pili, nyumba ya Mama Tabitha ilijaa waombolezaji na ilikuwa na baridi nzuri. Kila aliyeingia alisema hivyo, kisha akanyamaza kwa aibu.

Eunike alipiga magoti mlangoni na kusema salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," akaitikiwa. Akasogea kwenye mkeka hadi miguuni pa mjane, Damari nyuma yake.

"Dada, nimekuja kukwambia jambo, na wengine wasikie. Ubaridi wa mume wako nilikuwa nao mimi."

Akaeleza yote, chungu, blanketi, na jinsi alivyoomba aachiwe mpaka jua lipungue. Damari naye akaeleza habari ya ngozi kavu. Nyimbo zilikoma. Mtu mmoja pembeni alisema, "Mungu wangu."

Mama Tabitha alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Walingoja awafukuze. Alipoinua uso, alimtazama Eunike peke yake.

"Ulikuwa unamsikia kweli?"

"Nilimsikia."

"Kama mtu?"

"Kama mtu aliyelala karibu."

Mama Tabitha aligeuka akautazama ukuta ulio kando ya sakafu alipokuwa amelala Yoeli. Aliweka kiganja juu yake. "Na huu umekunywa jasho lake," alisema. "Tangu tuhamie hapa." Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nifundishe."

"Hapana, dada."

"Wewe ulipata kiangazi kizima."

"Nilipata jasho lake. Yeye hakuja." Eunike alimshika mikono. "Nilikuwa nakaa naye mchana kutwa, na jioni nafiwa upya. Usiniombe nikupe kitu hicho."

Mama Tabitha alijitoa mikononi mwake na kumgeukia Damari. "Na wewe fundi?"

Damari alikuwa amekwisha kuamua alfajiri. "Nitakata midomo ya nyumba zote na kupaka chokaa, mama. Handaki litabaki wazi kwa kila mtu. Ubaridi utagawanyika sawa."

"Na mgonjwa?" Nyamizi aliuliza. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake, mzima. "Siku mtoto akipata homa?"

"Atapata kama wengine."

"Kama ni hivyo, jana asingepona."

"Najua."

Hakuna aliyemshukuru. Hata yeye hakuupenda uamuzi ule. Lakini alijua sasa kwamba mtaani mle kulikuwa na kuta arobaini, na nyuma ya kila ukuta palikuwa na mtu ambaye siku moja angefiwa, na kila mmoja wao alikuwa amesikia leo jinsi ya kuudanganya.

"Basi anza kwa wengine," alisema Mama Tabitha. "Kwangu njoo kesho."

Damari alitikisa kichwa kukataa. Hakuthubutu kufungua mdomo, asije akakubali.

Alipofika uani, akashusha miguu kwenye handaki la nyumba ile na mtaimbo begani, alisikia nyayo nyuma yake. Mama Tabitha alikuwa amewaacha waombolezaji na kumfuata. Aliketi chini, kwenye ukingo wa shimo, kanga nyeusi kichwani, akatazama giza lililokuwa chini.

"Unaumia?" aliuliza. "Huo ukuta, ukikatwa."

"Sijui, mama. Sikuwahi kujua namna ya kuuliza."

Ndani walikuwa wameanza tena kuimba.

"Basi kata polepole," alisema Mama Tabitha.